Ng'ombe wa Maskini Alivyokwenda Kyimo

Nilitoka kwetu Masoko kwenda Tukuyu kumleta ng'ombe. Mradi mmoja ulitangaza kuzipa familia maskini mitamba wa maziwa, na tangu wanunuzi binafsi waje kutupangia bei ya kahawa, kwa umaskini hakuna aliyetupita. Mama ni mjane na mguu wake mbovu, akanituma mimi. Banda tulishajenga, majani tulishakata.

Alfajiri majirani walinivalisha. Kwetu mtu haendi kwa wageni kama aliyetoroka. Mzee wa kanisa aliniazima koti na viatu. "Usituaibishe," alisema.

Tukuyu mjini nilipita kwa Bakari, fundi cherehani anayemshonea mama. Akatikisa kichwa. "Koti la kiungwana, shati kama jani la mgomba lililokauka! Vua." Akanipigia pasi bure.

Ukumbini tulipanga foleni. Mbele yangu alisimama mtu mzima, pekupeku, shati limechanika mgongoni. Nilimhurumia. Bwana wa mradi naye alimhurumia, akamwandikia mtamba. Zamu yangu ilipofika, alinitazama kuanzia viatu.

"Kijana, hapa ni kwa maskini."

"Ndiyo, bwana."

"Na koti hilo?"

Nilitaka kusema la kuazima. Lakini mimi nikitazamwa na watu, maneno hunikauka. Alishaita mwingine.

Nje nilimkuta yule pekupeku amekaa kwenye pikapu yake, dereva anampa viatu. Watu walimwamkia kwa heshima: ndiye mwenye mashine za kusaga kule Kyimo. Mtamba alikuwa nyuma, amefungwa kamba. Aliniona ninavyomwangalia.

"Unajua kukata majani, kijana? Njoo Kyimo, nitakupa kibarua."

Wakaondoka.

Njiani kurudi nilimweleza Bakari. Alicheka mpaka akaegemea cherehani. "Kumbe pasi yangu imekutajirisha!" Kisha akaisogeza pasi kando. "Mwambie mama yako anisamehe."

Jioni, Masoko, nilirudisha koti.

"Wamekuonaje?" mzee aliuliza.

"Wameniona tajiri."

Akanishika mkono kwa furaha. "Ndaga, asante, mwanangu! Umetuheshimisha."

Mama hakufurahi. Alichechemea hadi bandani, akayashika majani, bado mabichi. "Mpelekee huyo wa Kyimo," alisema. "Huenda na majani hana, maskini."

Nimejifunza jambo moja: umaskini ukianza kuwa na faida, matajiri hawatuachii hata huo.