Kidonge Kisichokuwemo

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya chuo, Kilifi, nilikabidhiwa kinu kidogo na mchi. Nimesomea ufundi sanifu miaka mitatu, kumbe nimekuja kutwanga kama niko jikoni kwetu Tezo. Nilitwanga oksidi ya bismathi na ya chuma, nikaushindilia unga ukawa vidonge, nikavichoma tanurini. Umeme ukikatika katikati, na ulikatika mno, kazi ya siku tatu ilitupwa.

Vitu vingi havina zaidi ya mpangilio mmoja ndani yake, wa sumaku au wa umeme. Vidonge vyetu vina yote miwili, nayo imeshikana: ukiichezesha sumaku, umeme nao unayumba. Watafiti wanatumaini kuhifadhi humo kumbukumbu za kompyuta kwa umeme kidogo. Ila mshikamano huo ni hafifu, na kuupima ni kama kusikiliza mnong'ono sokoni.

Nilihudumu chini ya Wakuu wa Maabara watatu. Wa kwanza alikuwa muungwana, wa pili hakuonekana kazini, wa tatu ndiye aliyenimaliza.

"Nikishafunga kishikizo, asikiguse mtu," aliamuru. Kishikizo ni kibanio kinachoweka kidonge katikati ya nyaya mbili. Sasa hewa yetu ina chumvi, nyaya zinashika kutu, azisafishe nani? Nilizisafisha mimi, kimyakimya.

Alhamisi moja nilikitoa kidonge cha Kadzo, mwanafunzi wa uzamili kutoka Vitengeni, nikasafisha nyaya. Nikaitwa mkutanoni, nikasahau kukirudisha. Kesho yake nilimkuta Mkuu anatabasamu, jambo la nadra. Mashine, inayojiendesha usiku, ilikuwa imetoa matokeo mazuri kuliko yote ya Kadzo, na kidonge chenyewe kilikuwa kwenye droo yangu.

Nikamweleza.

"Mama Dama, wewe ni fundi, si mtafiti."

"Ni kweli, bwana. Lakini kimepimwa nini?"

Jibu alilijua: sumaku ikichezeshwa, nyaya zilizojikunja huzaa umeme wake zenyewe. Pengine tulipima nyaya tangu mwanzo, na Kadzo alikuwa amebakiza mwezi mmoja kuwasilisha tasnifu. Mkuu alitaka ninyamaze. Nilimwita Kadzo, nikamwambia apime mwenyewe, kishikizo kikiwa kitupu. Alipima mara nne, akapata matokeo yale yale, kisha akalia.

"Mama, si ungesubiri nihitimu?"

Nilimkasirikia, na nikajikasirikia zaidi. Alianza upya. Mwaka mzima tulisokota nyaya pamoja ili zisizae umeme wake, tukipima kishikizo kitupu kwanza, kidonge baadaye, na kutoa kipimo cha kwanza kwenye cha pili. Kilichobaki kilikuwa kidogo sana, lakini kilitoka kwenye kidonge.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, Mkuu alinisifu mbele ya watu kwa utiifu. Utiifu!

Kadzo alinisubiri mlangoni. "Shikamoo, mama. Mwaka wangu umepotea, na bado unaniuma," aliniambia. "Lakini ungeninyamazia, leo nisingekuja."