Kiti cha Karibu na Bunduki

Baba yangu aliomba kukaa nyuma. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu nimelificha vya kutosha.

Alikuwa ametoka mji wa Kiwanja, upande wa Rutshuru, kuja kumwona mjukuu wake, mwanangu wa tatu. Akakaa kwetu, mtaa wa Mapendo, wiki mbili, akachoshwa na kelele za pikipiki na chai yangu, ambayo alisema ina maziwa ya kuonyesha tu. Siku ya kurudi nilimsindikiza mwenyewe hadi kwenye agensi ya mabasi. Wakati huo barabara ya Rutshuru ilikuwa ya kuombewa. Watu wenye silaha walitokea kwenye msitu wa hifadhi, wakasimamisha magari, wakateka huyu, wakaua yule, na hapa Goma kila nyumba ilikuwa na jamaa wa kumsimulia. Ndipo polisi wakaanza kupandishwa kwenye mabasi, mmoja kwa kila basi. Alikaa mbele, kwenye kabine pamoja na dereva, bunduki imesimama kati ya magoti ili ionekane kutoka nje.

Dawa yenyewe ilikuwa huko kuonekana, ndivyo tulivyoambiwa. Mshambuliaji akiona, ataogopa. Sisi abiria tuliamini kabla ya mshambuliaji yeyote kuulizwa. Basi lenye polisi lilijaa mara moja, na lisilo na polisi liliitiwa watu mpaka sauti ikakauka. Mimi ni sekretari wa shule, kazi yangu ni kupanga mambo, na hili nalo nilikuwa nimeshalipanga. Kabine ni kiti cha heshima tangu zamani, cha mchungaji, cha mama mjamzito, cha mzee. Sasa kilikuwa pia kiti cha usalama. Baba yangu hangekaa pengine.

Tatizo ni kwamba kiti kile kilikuwa na mtu. Mama mmoja mnene, mchuuzi wa vitenge, alikuwa ameshaketi kati ya dereva na polisi, na mguu wake mmoja ulikuwa umevimba.

"Papa, wewe utaingia mbele," nilimwambia baba.

"Hapana. Mimi nitaikala kule nyuma na wamama. Kule njo banapigaka masolo ya muzuri." Maongezi ya safarini aliyapenda tangu zamani.

"Nyuma? Bakikuona Kiwanja unashuka nyuma na mifuko ya unga, batasema nini?"

Sikutaja risasi. Nilitaja watu watakavyosema. Hofu na kujivuna viliingia kwangu kupitia mlango mmoja, na mpaka leo sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Baba aliitazama ile bunduki kupitia kioo. "Ile kitu sitaki inikale karibu," alisema, nami nikamcheka mbele ya watu kama vile anaogopa sindano. Karani wa agensi alikuwa mwanafunzi wetu zamani. Nilimnong'oneza, naye akamwomba yule mama ahamie kiti cha mwisho. Mama akashuka kwa taabu, akishikilia mlango, na aliponipita alisema tu, "Haina shida, muzee ni muzee." Polisi alikuwa mtu wa makamo. Alimpa baba mkono, akamvuta juu, akamsalimia kwa Kinyarwanda. Nilirudi kazini nimeridhika na nafsi yangu.

Saa nane mchana simu ikalia.

Polisi alifia palepale kwenye kiti. Dereva alikatwakatwa na vioo. Baba alipigwa risasi begani, na mkono wake wa kushoto haujainuka kupita kifua tangu siku hiyo. Mtu ambaye amelima maharage maisha yake yote sasa anahitaji mume wangu amfunge vifungo vya shati.

Kuhusu waliokaa nyuma nilisikia kutoka kwa yule mama wa vitenge. Alikuja hospitali akiburuta mguu wake, amebeba supu ya kuku kwenye termosi, wakati baba yuko kwenye chumba cha kufungwa kidonda.

"Balipiga pale baliona uniforme," aliniambia. "Balianza na yeye, juu asibapige. Kiisha balitushusha, bakakamata simu na mizigo, bakaenda. Sisi ba nyuma, hata mumoja habakumugusa." Halafu akanishika mikono yote miwili. "Aksanti sana, mwanangu. Mungu alikutuma unitoshe mbele, uniweke nyuma."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilimwomba asimwambie baba, akakubali, akaiacha supu.

Baba akabaki kwetu. Kanisani kwetu kuna wakati wa ushuhuda kila Jumapili, na haukupita mwezi bila yeye kusimama. "Binti yangu aliniikalisha karibu na polisi," alikuwa akisema. "Risasi zilikuya, ule polisi akanifunika na mwili yake. Bila yeye singekuwa hapa." Watu walipiga makofi, wengine waligeuka kunitazama kwa mapenzi, nami nikatazama viatu vyangu. Nilimwomba Mungu msamaha kwa ajili ya bega la baba. Niliomba nikifua, niliomba nikiandika barua za mkurugenzi. Kumwambia baba ukweli, hapana, ulimi ulikataa.

Jumapili moja mama kijana wa kwaya alinivuta pembeni baada ya ibada. Mama mkwe wake alikuwa anasafiri wiki ile kwenda Kiwanja. Alitaka nimsaidie kwa yule karani ili bibi apate kiti cha karibu na polisi, kama nilivyomfanyia baba. Nikamwambia amkalishe katikati ya basi. Alinitazama kama mtu aliyenyimwa chumvi, akaenda kwa karani mwenyewe.

Nilifika nyumbani nikiwa na hasira ambayo haikuwa ya mtu yeyote ila yangu, na nikaimwagia baba.

"Papa, uache ule ushuhuda! Watu banaanza kukufuata. Benye silaha balipiga mbele juu ya ile bunduki. Ni mimi nilikuweka pale, ulikataa, nikakulazimisha. Nyuma hakuna mutu aliguswa!"

Alikuwa akimenya viazi kwa mkono mmoja, kiazi amekibana kati ya magoti. Hakuacha.

"Nilikuwa pale," alisema. "Unafikiri sikuona ile bunduki yabo ilikuwa inaangalia wapi?"

Miezi yote ile nilikuwa namficha jambo mtu aliyelikalia.

"Sasa juu ya nini unasema alikufunika?"

"Alianguka juu yangu. Kama alinifunika ao alianguka tu, mimi sijui." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Muke wa ule polisi anasali mu kanisa yetu. Anaikalaka upande wa dirisha, na batoto bane. Ile ushuhuda, ni yeye njo namusemeaka."

Nikakaa chini kwenye sakafu. Yule mtu alimpa baba yangu mkono apande, nami nilimwona akifanya hivyo. Tangu siku ile nilikuwa nimelia kwa ajili ya baba na kwa ajili yangu mwenyewe, hasa kwa ajili yangu. Kama polisi alikuwa na mke, sikuwahi hata kujiuliza. Kwangu alikuwa bunduki yenye kofia, kitu nilichokichagulia jirani.

Mama mkwe wa yule mwanakwaya alifika Kiwanja salama, kwenye kabine, pembeni ya polisi, na akaturudishia salamu. Kwa hiyo mtu akiniuliza leo kama bunduki ile ilitulinda, namhesabia safari zote mbili. Kuna siku huenda iliwafukuza wenye silaha. Siku ya baba iliwaonyesha pa kulenga.

Jumapili iliyofuata baba alisimama tena, akasema maneno yale yale. Safari hii niliangalia upande wa dirisha. Mwanamke mwembamba, macho kwenye midomo ya baba, alikuwa anayafuata maneno kama anayejua kila moja litakalokuja, na mtoto mdogo amemlalia mapajani.

Baada ya ibada alinisubiri mlangoni.

"Ni weye njo uliikalisha muzee karibu na bwana yangu?"

"Ni mimi, mama."

"Aksanti," akasema. "Kama haikukuwa muzee, angekuwa alikufa bure."

Nikamwambia ni kweli, mumewe alimfunika baba yangu, alimfunika kabisa.