Chombo cha Mrithi

Jioni nafundisha Kiingereza huko Bel-Air, na hasira hunipanda mtu akiniambia neno ni neno tu. Eti neno tu! Neno lina baba na mama. Chukua heirloom, kitu cha ukoo kinachopita mkono kwa mkono. Hapo yameoana mawili. Heir ni mrithi, liliwafikia Waingereza kupitia Kifaransa. Loom siku hizi ni mtambo wa kufumia nguo, lakini zamani lilikuwa chombo chochote cha kazi, hata cha jikoni. Basi, chombo cha mrithi.

Nilikuwa na neno hilo kichwani siku tulipomaliza kilio cha nkambo, mama yake mama yangu, nyumbani kwake mtaa wa Hewa Bora. Mama mkubwa, dada yake mama, aligawa vitu uani: masufuria, vitenge, viti. Mwiko wa nkambo wa kusongea bukari, ugali wetu, ulioliwa upande mmoja kwa kazi ya miaka, akautupa kwenye rundo la kuchomwa, pamoja na mkeka wa marehemu.

Mama alitaka huo mwiko tu. Aliniambia asubuhi. Lakini kwetu anayeomba kitu cha marehemu hapewi. Watasema alikuwa akingojea kifo.

Damu ikanichemka. Nikafungua mdomo, mama akanifinya.

"Nyamaza, weye!"

Mawe, vile vidole!

"Nani atapika bukari ya mwisho?" mama mkubwa akauliza.

Mama akasimama. Akapita kwenye rundo, akachomoa mwiko, akauosha, akaenda kwenye mbabula, jiko la makaa, ambako maji yalikuwa yanachemka. Akasonga, akapakua. Sisi tukala, yeye akabaki kasimama kando ya makaa, mwiko mkononi.

"Mudogo wangu," mama mkubwa akasema, "bukari ilisha kuiva. Weka ile muti, tuichome."

Mama hakuuweka.

Mama mkubwa akamega tonge lingine, akalitafuna polepole. Machozi yakamtoka. Dakika moja kabla ningemtukana, na sasa nilimpenda mno.

"Hii iko bukari ya mama yetu," akasema.

Akapangusa uso kwa kitenge, akawageukia waliokuwa wanawasha moto.

"Muchome mukeka tu."