Kidole Juu ya Ng'ombe wa Mtu

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuhesabu ndege kwa kidole. Mambo ya ndege sikufundishwa na mtu, nilijifunza mwenyewe, na aliyejifunza mwenyewe huogopa sana kukosea. Hesabu isipokaa sawa, silali.

Ilikuwa kiangazi, mwaka uliofuata mafuriko ya El Nino. Nilitoka Garsen asubuhi na darubini kuukuu shingoni, nikielekea kidimbwi ambako niliambiwa korongo wanataga. Miti ya miiba ya mathenge ilikuwa imeota kila mahali maji yalipopita, na kando yake mitunguja ilitoa maua ya zambarau yaliyojaa nyuki. Niliinama kuwatazama. Mara yangeyange, wale ndege weupe wafuatao mifugo, wakaruka nyuma yangu, mahali nilipokwisha kupita. Nikajua kuna mtu. Nikaificha darubini ndani ya shati, maana niliamini anaifuata hiyo.

Mbele nikakuta ng'ombe wakila nyasi, na yangeyange miguuni mwao wakidaka panzi waliotimuliwa na kwato. Woga ukanitoka. Nikanyoosha kidole, nikahesabu. Ng'ombe wakasogea, hesabu ikavurugika, nikaanza upya.

"Wewe! Unahesabu nini?"

Alikuwa mfugaji wa rika la baba yangu, fimbo begani. Ndiye aliyekuwa akinifuata.

"Ndege, mzee."

"Ndege iko chini, kidole yako iko kwa ng'ombe. Nani ametuma wewe?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu! Jua hii yote, unatembea bure kama fisi?"

Sikujua kwamba kwao mgeni hahesabu ng'ombe wa mtu. Anayehesabu ama ana kijicho, ama kuna wezi mahali wanaosubiri jibu lake. Nikatoa darubini nimwonyeshe ndege, nikidhani itanitetea. Akaichukua, akaielekeza kwenye vichaka vya mbali, kisha akanirudishia.

"Naona mpaka boma yangu. Mtoto wangu naona. Kumbe na wewe unaona."

Akanionyesha njia ya Garsen kwa fimbo, akatembea nyuma yangu hadi mathenge ilipoishia. Korongo sikuwaona.

Tangu hapo darubini hubaki nyumbani. Humsalimu mwenye mifugo kwanza, mikono nikiwa nimeifunga nyuma, na siku nyingine huniacha nipite hadi kidimbwini. Nikiulizwa ndege walikuwa wangapi, hujibu kwamba walikuwa wengi.