Maganda Aliyoyang'arisha Masolwa

Asubuhi moja ya Machi 1975, mvua haijakatika, baiskeli inaingia uani kwa Mabruki Shomari, mtaa wa Ng'ambo, Tabora mjini. Mpanda baiskeli ametoka Ipole. Hasalimu. "Mzee, bunduki imemrudia Masolwa. Hatukumfikisha hospitali."

Masolwa alikuwa mkwe wa Mabruki. Tangu siku hiyo binti yake, Mwanne, amerudi nyumbani kwa baba, mjane.

Mabruki ni fundi bunduki. Watu wa Ipole walipokusanywa kwenye kijiji cha Ujamaa, mashamba yao yaliangukia njia ya tembo. Bunduki ya kijiji ni moja, na risasi mpya ni adimu. Basi maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa huletwa kwake ayajaze upya.

"Ganda la shaba huchoka kama mgongo wa mpagazi," anasema. "Halilalamiki. Linakuja kukatika tu."

Kila anapolijaza, hulipiga tupa alama moja ukingoni, ajue limejazwa mara ngapi. Kisha hutazama sehemu ya chini, karibu na kitako. Akiona mstari mng'avu umelizunguka kama pete, ujue limeanza kuachia. Penye shaka huingiza waya uliopindwa ncha na kulipapasa kwa ndani. Ncha ikinasa kwenye ufa, analiponda kwa nyundo.

Masolwa, mlinzi wa mashamba, alikuwa mtu nadhifu. Aliona haya kumpelekea baba mkwe kitu kichafu. Maganda yale ya mwisho aliyasugua kwa mchanga na jivu, kama sufuria za harusi. Alama za tupa zikafutika. Pete nayo haikuonekana tena, kwa kuwa ganda zima lilimeremeta.

"Nilimsifu," anasema Mabruki, akitazama mikono yake. "Nikapitisha waya kwenye machache tu. Mojawapo likamkatikia ndani ya bunduki."

Wiki iliyopita mwenyekiti wa Ipole, Lugembe, alimletea kopo jingine la maganda.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mmeyaosha?"

"Hata vumbi hatukupangusa. Tumekoma."

Mabruki akaketi mlangoni penye mwanga, akayapapasa moja moja. Lugembe alichoka kungoja, akatania: "Fundi, unayakagua au unayachumbia?"

"Mjane wa Masolwa yule pale," alijibu Mabruki, "anapepeta mchele."

Lugembe akainama.

Waya ulinasa ndani ya ganda la kwanza. Ukanasa na la pili. Hadi kopo linakwisha, hakuna lililopona.

"Nipe hata kumi, mzee wangu. Tembo wamemaliza shamba lote la Paskazia, na ana watoto sita."

"Atapiga nani?"

"Ngollo. Mdogo wake marehemu."

Ungo wa Mwanne ukanyamaza. Alimtazama baba yake. Mabruki akavuta nyundo.

Lugembe aliondoka bila kuaga.

Fundi hajioni shujaa. "Watoto wa Paskazia wakilala njaa, hiyo nayo ni kazi ya mkono wangu," anasema. "Mwanangu ananipikia, ananifulia. Habari ya yale maganda ya mumewe hajaniuliza hata siku moja. Afadhali angeuliza."

Anachotumaini ni risasi mpya zilizoombwa Dar es Salaam, zifike kabla ya mavuno. Jibu halijaja.

Kwa sasa watu wa Ipole wanafukuza tembo kwa kupiga madebe.