Chai ya Mita Sitini

Maji matamu yalipatikana kwenye mita thelathini, lakini Hamood, mchimbaji anayelipwa kwa mita, alizidi kuchimba hadi sitini, akafikia maji ya bahari. Tangu siku ile kisima cha Bi Ummkulthum wa Shumba hutoa chumvi tupu, naye alishauza ng'ombe wake kukilipia. Jambo hilo akaliweka moyoni.

Mwaka huu Hamood akarudi na wazee wenzake, kumposea mwanawe binti wa Bi Ummkulthum. Mgeni wa posa hakatai alichoandaliwa. Bi Ummkulthum akamtengea birika zima la chai, ya maji ya kisima kile kile. Hamood akapiga funda moja, uso ukamkunjamana.

"Kunywa, Mzee Hamood," Bi Ummkulthum akamwambia. "Ukifika mita ya sitini nitakujibu kwamba mwanangu simtoi."