Mama Alipomtunza Mpiga Kodiani

Kukaa chini siwezi. Kila kiangazi naenda kwenye matamasha ya muziki wa Kiayalandi, huku na huku London, na kila mara ni yale yale: watu wanatandika blanketi kwenye nyasi, wanajinyoosha, na mimi nimesimama. Wanangu huniambia kwa Kiingereza nikae. Nawajibu kwa Kiswahili waniache.

Kisa kilianzia Hayes, pembeni mwa London, kiangazi chetu cha kwanza. Tulikuwa Wahindi wa Unguja tuliopitia Mombasa, mimi na Mama, tumepanga chumba juu ya duka la magazeti. Mimi nilikuwa nikifungasha vyakula vya kwenye ndege, karibu na Heathrow. Mama alikuwa akikaa, basi. Sanduku lake lilikuwa mlangoni toka tulipofika. Akitaka nguo hulifungua, akachomoa moja, akalifunga tena. Dada yake Mombasa alikuwa akimwita arudi, na mimi nilimtaka abaki. Sikuwa na mtu mwingine. Nilikuwa naogopa, wallahi, kurudi kazini siku moja nikakuta sanduku halipo.

Kazini palikuwa na mama mmoja wa Kiayalandi, mnene, mwingi wa mzaha. Akaniambia Jumapili wenzake wanapiga muziki wao kwenye bustani, nimlete Mama. Nikasema hii ndiyo dawa. Akitoka akaona watu, ataipenda London.

Mama alikuja na koti, jua lote lile, akakaa na mkoba mapajani. Wakapanda vijana, wakapiga mbio mbio, watu wakarukaruka.

"Hawa wanafukuzwa na nani?" akaniuliza.

Nikacheka, lakini moyo ulikuwa juu juu. Nikawa nainuka, nakaa, namtazama usoni.

Kisha akapanda mwanamke wa makamo, na fidla, na mzee mmoja mwenye kipara na kodiani yake, akiikunja na kuikunjua. Wimbo ukaja polepole, mwanamke akiimba kwa lugha yao. Mama akaacha kuchezea kifungo cha mkoba.

"Kodiani hiyo, kama ya taarabu yetu," akasema.

Akavua koti. Akaweka sawa mtandio, akatoa noti, akainyanyua juu, akaanza kwenda jukwaani kwa maringo, bega hili, bega lile, vile vile alivyokuwa akienda kutunza waimbaji kwenye taarabu ya harusi kwetu. Lo! Nilitamani ardhi inimeze.

"Mama! Mama, rudi, huku hawatunzi!"

Wapi! Hakugeuka. Akapita katikati ya mablanketi ya watu, akapanda, akamtilia yule mzee noti kwenye mfuko wa shati. Mzee mikono yote miwili imo kazini, akabaki kumkodolea macho tu, akipiga. Kwetu pangepigwa vigelegele. Pale watu walinyamaza, mpaka yule mwenzangu wa kazini alipoanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Mama akarudi kwa mwendo ule ule, uso unang'aa. Sijawahi kufurahi vile. Nikajua nimempata.

Kwenye basi alikuwa akiimba kwa pua.

"Mwezi ujao lipo tamasha jingine," nikamwambia.

"Utakwenda wewe."

"Lakini umependa, Mama!"

"Nimependa sana, mwanangu. Nilikuwa nimeanza kusahau kwetu, nikiona nitazoea kukaa tu. Leo nimemtunza mtu kwa wimbo ambao sikuelewa hata neno. Nataka kwenda kutunza ninakoelewa."

Nikanuna mpaka nyumbani. Aliondoka kabla ya baridi, na sanduku lake. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye muziki ule. Hilo halijaniacha nikae.

Sasa mume wangu hayupo tena, wanangu ni watu wazima, na mwaka huu nimeanza kuzungumza habari ya kurudi Unguja. Wanangu hugeuza maneno. Juzi tulikuwa kwenye bustani, tamasha lile lile. Kodiani ikaingia polepole. Nikajikuta nimeshafungua mkoba, noti iko juu, nakwenda.

"Mama!"

Alikuwa binti yangu, yule asiyenijibu ila kwa Kiingereza. Amesimama juu ya blanketi.

"Mama, rudi! Huku hawatunzi!"

Kwa Kiswahili. Nikasimama pale katikati ya watu, mkono juu, na miguu yangu, kwa mara ya kwanza, ikakataa kwenda.